Mwana wa Mfalme na Macho ya Nyanya

Udhaifu mkubwa wa tamthilia za Kikorea za enzi za wafalme ni milango. Milango yao ni ya karatasi. Waziri anaingia chumbani, anaufunga mlango kwa adabu zote, anainama, anaketi, kisha anaanza kupanga namna ya kumpindua mfalme. Nje ya ile karatasi kuna mjakazi, askari, mpishi na shemeji yake mpishi, wote wametega masikio. Kesho yake waziri anashangaa siri imetokaje. Mzee, umepanga mapinduzi ndani ya bahasha, ulitegemea nini?

Wa kwanza kulalamikia milango hiyo alikuwa nyanya yangu, na hakuwa ameiona hata siku moja. Nilimweleza mimi. Wakati huo macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, lile wingu jeupe linaloziba mboni kidogo kidogo, na alichobakiwa nacho ni kujua tu kwamba huku ni mlangoni na huku ni ukutani. Televisheni kwake ilikuwa taa inayoongea. Na taa yenyewe iliongea Kikorea, huku maandishi ya Kiingereza yakipita chini mbio kama watoto waliovunja kioo. Kwa hiyo kazi ya macho na kazi ya lugha zote ziliniangukia mimi, mwanafunzi wa kidato cha tatu, mtu ambaye mwalimu wake wa Kiingereza humtazama kwa huruma.

Nieleze jambo moja kwanza, msije mkanishtaki kwa kukosa adabu. Kwetu mjukuu wa kiume ni mume wa nyanya yake. Ni utani wa tangu na tangu, hauna aliyeuanzisha wala atakayeumaliza. Tangu natambaa ananiita mume wangu, ananidai nguo za sikukuu, ananilaumu kwamba nimemwoa na sijamjengea. Mimi namwita mke wangu, namwambia chai yake haina sukari na nitamrudisha kwao. Maneno ambayo nikimwambia mama yangu nitalala nje, nikimwambia nyanya anacheka mpaka anashika mbavu. Basi haya nitakayosimulia, yasomeni kama mambo ya ndani ya ndoa.

Mtazamaji wa tatu alikuwa mama maziwa. Huyu ni jirani yetu, Muorma, anauza maziwa hapa Garsen mjini. Mwanamke mrefu, mkavu, ambaye ng'ombe wa kwao hulishwa upande wa Minjila maji ya Tana yakishuka. Kila jioni alipita na dumu lake, akampimia nyanya maziwa yanayonukia moshi, kisha akasema anapumzika kidogo. Kupumzika kwenyewe kulianza baada ya swala ya magharibi na kukaisha kabla ya isha, sawasawa na tamthilia. Alisema wallahi, huko kwenye stesheni lazima kuna Muislamu mmoja anayepanga saa.

Sasa Kipokomo cha nyanya, mama maziwa anakijua nusu. Kiorma cha mama maziwa, nyanya anadai hakijui, ingawa akisengenywa kwacho anajibu. Na kwenye Kikorea tulikuwa sawa sote. Basi Kiswahili ndicho kilikuwa mtumbwi wetu, na pondo nikashika mimi.

Hadithi yenyewe ni rahisi. Kuna msichana ambaye baba yake ameuawa kwa kusingiziwa uhaini. Anajificha kwa jina la uongo mahali wanapotia nguo rangi, vile vitambaa vya kupelekwa kwa mfalme, na kwa sababu ya kazi hiyo mikono yake ni ya buluu mpaka viwikoni. Mwana wa mfalme, kwa kuchoshwa na maisha mazuri, anatoroka kasri akiwa amevaa kama mchuuzi, anakutana naye sokoni, na hapo akili inamruka. Mlinzi wa mwana wa mfalme naye anampenda msichana yuleyule ila hasemi, anasimama tu kwenye mvua na upanga wake unapata kutu. Na juu ya wote yupo malkia mkongwe, nyanya yake mwana wa mfalme, ambaye ndiye aliyemuua baba wa msichana na ndiye mwenye sumu.

Nyanya yangu alikuwa upande wa malkia mkongwe kuanzia jioni ya kwanza.

"Lakini yeye ndiye mbaya," nilimwambia.

"Nani kasema?"

"Muziki. Akiingia yeye, ngoma zinapigwa kama za msiba."

"Mpiga ngoma ana chuki. Hebu niambie, mume wangu, kwenye hilo kasri lote ni nani anayeamka mapema?"

Nikafikiri. "Malkia."

"Nani anajua mchele uliobaki ghalani?"

"Malkia."

"Na huyo kijana wenu, anafanya nini?"

"Anatazama mwezi."

"Basi. Nyumba ambayo mwanamume anatazama mwezi, mwanamke lazima ajue sumu inakaa kabati gani."

Mama maziwa alicheka mpaka akamwaga chai. Lakini ukifikiria vizuri, nyanya alikuwa ameshika udhaifu wa kweli. Kwenye hizi tamthilia mzee ana kazi mbili tu, kuwa mbaya au kukohoa. Kijana akikohoa ni mafua. Mzee akikohoa, hasa kwenye kitambaa cheupe, anza kuchanga za mazishi. Hakuna mzee anayekohoa akapona, akaenda shambani kwake.

Mama maziwa yeye alikuwa upande wa farasi.

"Hii farasi iko nzuri," alisema. "Hii mtu ya juu ndiyo hapana. Ona vile inavuta kamba! Mdomo ya mnyama itapasuka."

"Mama, huyo ni mwana wa mfalme."

"Mwana ya mfalme na haijui mnyama? Sisi hatuwezi kumpa hata ndama moja achunge."

"Anampenda yule msichana."

"Apende farasi kwanza. Tuone."

Mimi sikuwa upande wa mtu, ila nilikuwa na ugomvi wangu na mwana wa mfalme. Ni suala la ndoa. Jioni moja nyanya aliuliza, kwa sauti ambayo sikuipenda, kama huyo kijana ni mzuri wa sura. Nikamwambia ukweli wangu: ana pua kama ya kiboko na masikio yake yanaweza kukausha mpunga. Mama maziwa akafungua mdomo kunisuta, nikamkonyeza, akanyamaza, ila alinitazama kama mtu anayeandika deni.

Nisiwe mtu wa lawama tu. Tamthilia ile ilikuwa na ubora wake, na ubora wa kwanza ni kwamba unaweza kuiangalia na nyanya yako, jirani Muislamu, na mama yako anayepitapita akitafuta kosa, bila kidole chako kukaa juu ya kitufe cha kubadilisha stesheni. Watu wanapendana wiki nzima na hawajashikana mkono. Wanashikana ncha ya nguo. Mwana wa mfalme alishika upindo wa vazi la yule msichana, picha ikasimama, wimbo ukaingia, na sebule yetu yote ikavuta pumzi kana kwamba kuna mtu amezaliwa. Ubora wa pili ni mapishi. Wanakula vizuri wale watu. Hata anayengoja kunyongwa analetewa vibakuli vidogo vidogo mpaka meza inajaa, na nyanya alitaka kimoja kimoja nimtajie kina nini. Vingine nilivitunga. Kulikuwa na supu moja niliyoiita ya kambare kwa sababu sikuwa na la kufanya.

Ubora wa tatu nitaufikia. Huo ndio ulioleta mambo.

Siku hizo gari lenye kipaza sauti lilipita mjini likitangaza kwamba madaktari wa macho watakuja Hola hospitali, na wenye mtoto wa jicho waende wapasuliwe. Mama yangu alikuwa akiingoja habari hiyo kama mvua. Daktari alikwisha kumwonya kwamba yale macho yakizidi kuachwa yatakomaa, na hata upasuaji wenyewe utakuwa mgumu. Na si kwamba nyanya alikuwa ameketi salama. Alikuwa ameungua mkono kwa kushika sufuria akidhani ni kifuniko. Shambani kwake, kule ukingoni mwa mto, alikuwa haendi tena, kwa sababu ukingo wa Tana hauko palepale ulipouacha, na mamba hawaulizi kama unaona au huoni. Mwanamke aliyelima mpunga maisha yake yote sasa alikuwa anakaa kwenye mkeka kuchambua mchele wa dukani kwa vidole.

Lakini ukimwambia Hola, anakuwa jiwe.

"Jicho ni yai," alisema. "Ukishalipasua, hata uwe fundi wa namna gani, hulirudishi."

"Mama, siku hizi ni kitu kidogo," mama yangu akambembeleza. "Unaingia asubuhi, unatoka."

"Na mimi nimebakisha kuona nini? Mto umefurika, nimeuona. Umekauka, nimeuona. Umehama kabisa ukatuachia mchanga, nimeuona. Nyinyi wenyewe nawajua kwa kukohoa."

Mchungaji alikuja akaomba. Nyanya akaitikia amina kwa sauti kuliko wote, akabaki palepale. Mimi nikaamua kwamba hili ni la mume.

"Mke wangu," nikamwambia jioni, televisheni ikiwa imeshawashwa, "kuanzia leo sitafsiri mpaka ukubali kwenda Hola."

"Unaniacha?"

"Nimegoma."

"Sawa," akasema, akajitengeneza kwenye kiti. "Mama maziwa yupo."

Mama maziwa hasomi Kiingereza, na hilo halikumsumbua hata kidogo. Alivuta kigoda mbele, akatazama nyuso za watu, akaanza.

"Sasa huyu mzee ya kofia nyeusi anasema: ng'ombe zangu ziko wapi? Huyu kijana anasema: mimi sijui. Anadanganya. Ona macho yake. Amekula moja."

"Mwana wa mfalme ameiba ng'ombe?" nyanya akauliza, ameshika mashavu.

"Ya kuiba au ya kupotea, hiyo bado. Lakini amekula."

"Na msichana?"

"Msichana anajua iko wapi. Anangoja aulizwe vizuri."

Mimi niko pembeni nimeuma midomo. Ukweli ni kwamba waziri alikuwa akisoma hukumu ya kumhamishia mwana wa mfalme kisiwa cha mbali. Lakini lazima niseme, hadithi ya mama maziwa ilikuwa na mantiki kuliko ile ya Wakorea. Kila mtu alikuwa na sababu. Waziri alikasirika kwa sababu ameibiwa, msichana akalia kwa sababu ng'ombe alikuwa na mimba, na yule mlinzi kwenye mvua, ambaye mimi sikuwahi kuelewa kwa nini haingii ndani, ikajulikana kwamba analinda zizi.

Jioni iliyofuata nikavunja mgomo mwenyewe. Simpendi mwana wa mfalme, lakini sikuweza kuvumilia afungwe kwa kosa la mifugo.

Kumbe tayari kuna kitu kilikuwa kimeanza kumtafuna nyanya, na hakikutokana na mgomo wangu. Kilitokana na rangi. Katika kutafsiri nilikuwa nimetaja mikono ya buluu mara nyingi, naye siku moja akanikatiza.

"Buluu gani?"

"Buluu tu, nyanya."

"Hakuna buluu tu. Buluu ya nini?"

"Kama sweta langu la shule."

"Uongo," akadakia mama maziwa. "Sweta yako iko kama majivu. Hii iko kama ile nzi kubwa. Ile ya nyama."

"Nzi ni kijani!"

"Nzi ya kwenu."

Nyanya aligeuza uso kwangu, akaugeuza kwa mama maziwa. "Mmoja ananiambia sweta, mwingine ananiambia nzi. Nyinyi wawili mkiitwa mahakamani kutoa ushahidi, mtu ananyongwa bure."

Tukacheka, ikapita. Lakini asubuhi yake nilimkuta mlangoni amesimama na leso yake kuukuu, ameinyoosha kwenye jua mbele ya uso.

"Mume wangu, hii ina buluu?"

Nikaitazama. "Ina nyekundu. Na nyeupe."

"Pembeni ilikuwa na buluu."

"Imechujuka, nyanya."

"Hapana," akasema, akaikunja polepole. "Ina buluu. Mimi najua."

Sikufanya mzaha wowote. Iandikeni hiyo, maana haitokei kila siku.

Sasa nifike kwenye ubora wa tatu. Ilikuwa karibu na mwisho wa tamthilia, mwana wa mfalme amekwisha kurudishwa kutoka kisiwani. Malkia mkongwe amemgundua msichana, na badala ya kumuua, jambo ambalo lingezua maneno, amemchanganya na kundi la wanawake wanaopelekwa utumwani mpakani. Wamefunikwa vichwa kwa magunia. Wamevalishwa nguo za aina moja. Na mikono yao yote imesuguliwa kwa majivu mpaka imekuwa myeupe, kusudi mwana wa mfalme asiitambue ile ya buluu. Amepewa nafasi ya kupita mbele yao mara moja tu, akiwa chini ya masharti kwamba hatasema neno. Akikosea, yule atakayemchagua ndiye atakuwa mke wake, na yule wake atakwenda.

Nilitafsiri mpaka hapo. Kisha maneno yakaisha.

Theluji ikawa inaanguka. Hakuna aliyesema kitu, hata ule muziki wao mmbea wa kukwambia lia sasa haukuwepo. Mwana wa mfalme akashika mkono wa kwanza, akautazama, akauweka chini taratibu. Akashika wa pili. Maandishi ya Kiingereza hayakuwepo kabisa, sehemu ya chini ya kioo ilikuwa tupu, na mimi mkalimani nimeacha mdomo wazi sina cha kukalimani. Nikasahau kwamba kwa nyanya mimi ni macho pia. Nikawa natazama tu. Mama maziwa alikuwa amejiziba mdomo kwa ushungi.

"Stima imepotea?" nyanya akauliza.

Hakuna aliyemjibu. Mwana wa mfalme alikuwa ameshika mkono mwingine na hauweki chini.

"Wamezima?"

Ulikuwa umesuguliwa kama mingine. Mweupe, umechubuka. Lakini pale kucha zinapoanzia, kwenye ule mstari mwembamba usiofikiwa na majivu, palikuwa na uzi wa buluu. Hakusema. Alipiga magoti kwenye theluji na mkono ule akauweka kwenye paji la uso wake, basi.

"Mume wangu?"

"Ngoja kidogo, nyanya," nikasema bila kugeuka.

Wimbo wa mwisho ukaanza. Nilipogeuka, nyanya alikuwa ameketi wima, mkono mmoja uko hewani unatafuta kigoda cha mama maziwa.

"Mmekwenda wapi nyinyi?" aliuliza. Hakuwa amekasirika. Aliuliza kama mtu aliyeamka akakuta watu wamevuka mto bila yeye.

Nikamsimulia yote. Theluji, magunia, majivu, kucha. Nilijitahidi, hata mama maziwa alinisaidia kwa mikono. Lakini ilikuwa kama kumpa mtu chai iliyopoa na kumweleza jinsi ilivyokuwa moto. Nyanya akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ehe. Nzuri," kama unavyomsifu mtoto aliyepika uji wa matope.

Asubuhi, mama akiwa anapeta mchele uani, nyanya akamwuliza, "Hao madaktari wa macho walisema lini?"

Mama yangu ana akili. Hakushangilia, hakuacha kupeta. "Wiki ijayo."

"Mume wangu hana ubaya. Maneno ananiletea," nyanya akasema. "Kumbe utamu wenyewe wanauweka kwenye kunyamaza. Sasa huko ataniletea nini?"

Tulikwenda Hola, nyanya, mama na mimi. Mama maziwa hakuweza kuacha ng'ombe, lakini alimkamata nyanya mikono miwili na kumsomea dua ndefu, kisha akaniambia pembeni, "Wewe. Akifunguliwa macho, ile pua ya kiboko utaeleza vipi?"

Nilicheka. Lakini walipomwingiza nyanya ndani, wamemvalisha lile gauni la hospitali linalomfanya mtu aonekane kama ameazima mwili, kicheko kikanikauka. Mimi nilishinda nikimtania aende, na sasa amekwenda, na ile habari ya yai ikanirudia kichwani. Watapasua jicho moja kwanza, walisema. Likiharibika? Nilikaa kwenye benchi la veranda nikajaribu kutunga utani wa kumwambia akitoka. Sikupata hata mmoja. Mama alinitazama akasema, "Leo umekuwa mtoto mzuri hivyo, unaumwa?"

Siku ya pili wakamtoa bandeji. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole, mwenye mikono ya haraka. Alimsafisha jicho, akamwambia afungue taratibu, kisha akanivuta mimi mbele, kwa sababu nilikuwa karibu.

"Bibi, unamwona huyu?"

Nyanya alinitazama. Jicho lilikuwa jekundu, linatoa machozi, linapepesa.

"Sioni," akasema.

Mama alishika kitanda. Daktari aliinama.

"Sioni mume hapa," nyanya akaendelea. "Naona ufito umevaa shati."

Wodi nzima ikacheka, na hata wale waliokuwa bado wamefungwa macho yote mawili walicheka, wakauliza jirani zao ni nini. Mimi nilijibu kitu, lakini hakikueleweka, kwa hiyo sikihesabu. Nyanya akamgeukia mama yangu. Huyo hakumtania. Alimtazama muda mrefu, kutoka kwenye kitambaa cha kichwa mpaka miguuni, akarudi tena usoni.

"Umezeeka, mwanangu."

"Nimezeeka nikikungoja ukubali," mama akasema.

Kabla hatujatoka pale, nyanya mwenyewe alimwuliza daktari jicho la pili litashughulikiwa lini, na kama haiwezekani sasa hivi, maadamu wote tupo. Alipewa miadi. Anaingoja kama mtoto anayengoja Krismasi, na kila mgonjwa wa macho wa mtaani kwetu aliyekuwa akijificha nyuma ya mfano wake, sasa hana pa kujificha. Anawafuata majumbani.

Sehemu ya mwisho ya tamthilia ilipita tukiwa Hola, lakini ile stesheni hurudia Jumamosi mchana. Jumamosi hiyo mama maziwa alimaliza kuuza mapema kuliko kawaida. Nyanya aliwekewa kiti mbele, miwani myeusi ya hospitali usoni. Mimi nikaketi kando yake, koo nimeisafisha, tayari kwa kazi.

"Nyamaza kwanza," akaniambia. "Acha niangalie."

Akatokea mwana wa mfalme. Nyanya akavua miwani, akasogeza uso.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye," mama maziwa akasema haraka, kwa furaha ya mtu aliyengoja siku hii.

"Pua ya kiboko iko wapi?"

"Nyanya, pengine wamembadilisha."

"Mbona mzuri! Ila amepakwa poda kuliko bibi harusi. Na hajapata ndevu. Huyu alikuwa anataka kuoa nini? Arudi shule."

Nilifarijika sana. Kisha akatokea msichana, mikono yake imekwisha kurudia rangi, na mimi na mama maziwa tukainama mbele pamoja kama watu wanaongoja matokeo ya kura. Nyanya aliitazama ile mikono bila kusema, mpaka tukachoka kungoja.

"Sweta?" nikamnong'oneza.

"Nzi?" akasema mama maziwa.

"Nyote waongo," akasema. "Hii ni kifua cha kanga, yule ndege wa porini." Na hatukuwa na la kubisha, kwa sababu mtu yeyote wa huku aliyewahi kuwaona wale ndege wakikatiza barabara anaijua buluu hiyo.

Tukafika pale penyewe. Mwana wa mfalme na msichana wamesimama uani mwa kasri, malkia mkongwe ameshindwa (kwa kikohozi, nilisema nini?), maua yanadondoka, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki zote hizo mwana wa mfalme anafungua mdomo kusema lile neno tulilokuwa tukilingoja. Maandishi yakatokea chini. Nikajiandaa.

"Yule nani?" nyanya akauliza.

"Nani?"

"Yule kule nyuma. Kwenye kona, karibu na ukuta. Kikongwe."

Nikatazama. Nyuma kabisa, mbali na maua, mwanamke mzee alikuwa akipita na mzigo kichwani. Hakuwa na neno la kusema, hakuwa na muziki. Pengine amekuwa akipita hivyo tangu sehemu ya kwanza. Mimi sikuwahi kumwona.

"Amebeba nini?"

"Kuni," nikasema.

"Maziwa," akasema mama maziwa.

"Maziwa hayabebwi hivyo. Huo ni mpunga, tena haujakauka. Tazama shingo inavyokaza. Mbichi una uzito wake."

"Mpunga ya wapi, mama? Hapo hakuna shamba."

"Si ndiyo nauliza! Wanakula kila siku, shamba liko wapi?"

Tukabishana. Tuliporudisha macho katikati, mwana wa mfalme na msichana walikuwa wamekwisha kukumbatiana, wimbo umeingia, na lile neno limepita.

"Amesema nini?" mama maziwa akaniuliza kwa uchungu.

"Sikusoma."

"Waachieni hao, wameshapata," nyanya akasema, akikisogeza kiti chake mbele zaidi. "Yule mama mzigo wote ule anaupeleka wapi peke yake?"

Majina ya waigizaji yakaanza kupanda, kwa zile herufi zao za visanduku na vijiti, na nyuma yake bado ukaonekana ule ua na ule ukuta. Hakuna aliyeinuka. Tulikaa watatu, tumeikazia macho ile kona, tukingoja kuona kama atarudi.